Lenzi ya milimita ngapi? Jinsi ya kujua picha itaingia au haitoingia kabla hujatoa kamera begini

Haya jamani, hii naiandikia vijana wanaoanza kupiga picha huku kwetu Zanzibar, mana suali linaloulizwa kila siku ni hilo hilo, "ninunue lenzi gani?", na ukimrudishia mtu suali kwamba unataka kupiga nini na utasimama wapi, kimya. Sasa sikiliza. Lenzi inaamua kitu kimoja tu, kiasi gani cha vilivyo mbele yako kiingie kwenye picha. Mengine yote, sura ya mtu itoke vipi, jahazi lililo nyuma yake liwe kubwa au dogo, yanaamuliwa na pahala uliposimama wewe. Ukiyatenganisha hayo mawili kichwani hizi namba hazikutishi tena.

Utahitaji kamera yoyote au simu, boksi tupu la biskuti, mkasi, rula, uzi kama nusu mita na kikokotoo cha simu. Bas.

Hatua ya 1: isome namba kwenye lenzi

Tizama kwenye mdomo wa lenzi au ubavuni, utaona 18-55mm, au 50mm peke yake. Huo ndo urefu wa fokasi, unapimwa kwa milimita. Namba ndogo inaona pana, namba kubwa inaona pembamba na vya mbali vinavutwa karibu. Zikiwa mbili zenye kistari kati yake lenzi ina zum, ikiwa moja haina zum, utasogea mwenyewe kwa miguu. Namba nyengine kama 1:1.8 au 1:3.5-5.6 ni za mwanga, hizo ziwache kwa leo. Na usidhani ni urefu wa lile dubwana lenyewe ukilipima kwa rula, hapana, ni masafa ya hesabu ya ndani kati ya kitovu cha vioo na sensa (kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha) pale unapofokasi kitu cha mbali sana.

Hatua ya 2: ijue sensa yako

Hapa ndo wengi wanapopotea. Lenzi ya 50 ni 50 popote utakapoifunga, haibadiliki, kinachobadilika ni sensa iliyo nyuma yake inakamata kipande kikubwa au kidogo cha ile picha. Kamera za fulu fremu sensa yake ni milimita 36 kwa 24, sawa na filamu za zamani. Kamera nyingi tunazoziona mikononi mwa watu hapa, zile za bei nafuu za Canon, Nikon na Sony, ni APS-C, sensa yake ni kama milimita 23.5 kwa 15.6, na za Canon ni ndogo zaidi kidogo, kama 22.3 kwa 14.9. Kuna na Micro Four Thirds, 17.3 kwa 13.

Sasa ukisikia watu wanasema "zidisha kwa 1.5", au 1.6 kwa Canon, au 2 kwa Micro Four Thirds, wanachotafuta ni lenzi gani ya fulu fremu ingeona upana ule ule. Yani 50 kwenye Nikon ya APS-C inaona kama 75 ingeona kwenye fulu fremu. Wa simu nyie mmesharahisishiwa, lenzi ya ndani ya simu ina milimita chache tu kwa sababu sensa yenyewe kijitu kidogo, lakini namba wanazotangaza zimeshazidishwa, kamera kuu ya simu nyingi ni kama 24 mpaka 26 na ile ya 0.5 ni kama 13.

Ukitaka kwa nyuzi za pembe, kwenye fulu fremu iliyolazwa 24 inaona kama nyuzi 74, 50 kama nyuzi 40 na 200 kama nyuzi 10. Binafsi nyuzi sizipendi, hakuna mtu anayesimama Darajani akapima nyuzi kwa macho, kwahiyo twende kwenye kadi.

Hatua ya 3: tengeneza kadi ya kuchungulia

Hichi ndo kifaa kitakachokufundisha kuliko video zote, na bei yake ni sufuri. Ukikata tundu lenye ukubwa sawa na sensa yako, ukaliweka mbali na jicho kwa masafa sawa na milimita za lenzi, unachokiona ndani ya tundu ndo kitakachoingia kwenye picha. Shida ni kwamba milimita 18 kutoka jichoni ni karibu mno, kadi inagusa kope. Kwahiyo tunazidisha kila kitu mara mbili, tundu mara mbili na masafa mara mbili, pembe inabaki ile ile.

Kama una APS-C kata tundu la sentimita 4.7 kwa 3.1 (Canon fanya 4.5 kwa 3). Kama una fulu fremu kata sentimita 7.2 kwa 4.8, na wa simu tumieni hili hili, halitokuwa sawasawa kabisa mana picha za simu zina umbo la mraba zaidi, ila kwa kukisia linatosha. Ukingo wa kadi uwache mpana ili ukuzibie vya pembeni.

Alafu toboa kijitundu chini ya kadi, funga uzi, na piga mafundo kuanzia kwenye kadi: sentimita 3.6 kwa ajili ya lenzi ya 18, 4.8 kwa 24, 7 kwa 35, 10 kwa 50, 11 kwa 55, 17 kwa 85, na 40 kwa 200. Mafundo yakichanganya, tia rangi kwa kalamu.

Kutumia ni hivi: shika fundo la lenzi unayoitaka, liweke kwenye shavu usawa wa jicho, vuta kadi mpaka uzi ukaze, fumba jicho la pili. Hapo unaona lenzi hiyo. Sogeza kwenye fundo la 55, unaona 55. Toka na kadi peke yake, kamera iwache nyumbani, kaa barazani utizame mtaa kwa fundo la 18 alafu la 50 alafu la 200, baada ya muda utaanza kuona bila hata kadi. Watoto wa mtaani watakuja kukuuliza unafanya nini, wape na wao wachungulie.

Hatua ya 4: hesabu moja tu

Hii ichukue kama ilivyo:

upana unaoingia = masafa yako na kitu × upana wa sensa ÷ milimita za lenzi

Masafa kwa mita, jibu linatoka kwa mita. Ukisimamisha kamera wima, kimo kinachoingia kinahesabiwa kwa ule upande mrefu wa sensa.

Na kuna njia ya mkato ya kubaki kichwani. Kwenye APS-C lenzi ya 24 inaona upana sawa na masafa yako, umesimama mita 5 unapata upana wa karibu mita 5, umesimama mita 10 unapata 10. Kwenye fulu fremu hiyo kazi inafanywa na 35. Kutoka hapo, ukizidisha milimita mara mbili upana unakuwa nusu, ukizigawa kwa mbili upana unakuwa mara mbili.

Sasa tuipeleke Mji Mkongwe, mana hapa ndo inapouma. Unataka mlango wa kuchonga, mzima, na fremu yake na ule ubao wa juu wenye maandishi. Tuseme una kimo cha mita 3. Kichochoro chenyewe, vichochoro vya Mkunazini na Kiponda mnavijua, tuseme upana wake ni mita 2, ukibandika mgongo kwenye ukuta wa pili, ukitoa unene wako na kamera, imebaki mita 1.8. Kamera wima, APS-C, lenzi kwenye 18. Piga: 1.8 × 23.5 ÷ 18, jibu ni mita 2.35. Mlango haujaingia, umekosa zaidi ya nusu mita, na hakuna utaalamu wowote utakaouingiza. Ukigeuza hesabu (masafa × sensa ÷ kimo cha kitu) utajua unataka lenzi gani, 1.8 × 23.5 ÷ 3 ni kama milimita 14. Kwahiyo ile iliyokuja na kamera haitoshi, inatakiwa waidi, yani lenzi ya kuona pana, ya 10-18 au mfano wake. Kwenye fulu fremu ingekuwa kama 21.6, tafuta ya 20. Simu kwa kamera kuu haifiki pia, bonyeza 0.5.

Ila kabla hujakimbilia kununua waidi, tizama njia nyengine. Moja, sogea pembeni kwenye kichochoro, mita 4 au 5, uupige mlango kwa ubavu, na wallahi mara nyingi inatoka nzuri zaidi kwa sababu mwanga wa ubavuni unatoa ile michoro na misumari ya shaba, ukipiga uso kwa uso mchana inakuwa bapa. Mbili, piga kipande, ubao wa juu peke yake au komeo na misumari, hakuna sheria inayosema lazima mlango uingie wote. Tatu, vipande viwili juu na chini uviunge kwenye programu. Na ukitumia waidi, kamera ishike usawa wa nusu ya mlango, kwa mlango wa mita 3 ni mita 1 na nusu, karibu na kidevu cha mtu mzima, na usiiinamishe wala kuiinua, ukiiinua tu miimo ya mlango inaegemeana kama inataka kuanguka.

Hatua ya 5: simama kwanza, lenzi baadaye

Watu wanasema "waidi inaharibu sura", "telefoto (lenzi ya kuvuta vya mbali) inabana vitu". Si lenzi. Ni masafa. Jaribu mwenyewe: simama pahala pamoja usiondoke, piga kwa 18 alafu kwa 55, nenda kwenye kompyuta ukate ile ya 18 ubakishe kile kipande cha katikati kinacholingana na ya 55. Zitafanana, pua ni ile ile, nyumba za nyuma ni zile zile, tofauti ni ukali wa picha tu. Zum haikubadilisha chochote zaidi ya kukata.

Kwanini basi selfi inatoa pua kubwa? Chukulia pua iko kama sentimita 10 mbele ya masikio. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yako sentimita 40, kwahiyo pua inatoka imekuzwa kwa theluthi nzima ukilinganisha na masikio. Ukisogea nyuma mpaka mita 1.8, pua 180 masikio 190, tofauti haifiki asilimia 6, sura inarudi kama Mungu alivyoiumba. Kwahiyo picha ya mtu ya kichwa na kifua, simama mita 1.5 mpaka 2, HAPO ndo unauliza lenzi gani. APS-C wima kwa mita 1.8 ukiwa na 55 unapata kimo cha sentimita 77, kichwa mpaka kifuani, safi kabisa. Ina maana ile lenzi ya 18-55 unayoidharau inapiga potreti, ipeleke mwisho wa zum tu.

Mfano wa pili, Forodhani jioni, rafiki yako kasimama ukingoni na nyuma yake kuna jahazi limetia nanga, tuseme mita 50 kutoka kwake. Unataka jahazi lionekane. Ukisimama mita 2 kutoka kwa rafiki na lenzi ya 24, anajaa kwenye picha na jahazi linakuwa kijitu huko nyuma. Sasa rudi nyuma uwe mita 4 na weka 48. Rafiki ana ukubwa ule ule, mana masafa yamekuwa mara mbili na milimita mara mbili, lakini jahazi lenyewe limekuwa kubwa karibu mara mbili, kwa sababu kwake wewe umesogea kutoka mita 52 kwenda 54 tu, si kitu, huku lenzi imezidi mara mbili. Kwahiyo ukitaka cha nyuma kikue rudi nyuma kisha zum, ukitaka kipungue na mtu atawale picha sogea mbele kisha fungua pana. Angalia tu nyuma yako unaporudi, pale kuna majiko ya watu.

Hatua ya 6: ipeleke kazini

Harusi. Picha ya kundi ndo inayotoa jasho. Watu 12 wamesimama safu moja, kila mmoja nusu mita, ni mita 6. Geuza hesabu: upana × milimita ÷ sensa, 6 × 18 ÷ 23.5, unataka mita 4.6 za kurudi nyuma, na huo ni upana kamili bila nafasi ya pembeni. Chumba cha nyumbani hakina nafasi hiyo. Kwahiyo wapange safu mbili, tatu, watoto chini, mkeka upo. Kwenye waidi walio kwenye kingo wanavutika upande, usimuweke shangazi mwisho wa safu alafu akuulize kwanini umemnenepesha, hapo waweke vijana wembamba. Kinadada mnaopiga upande wa kinamama, ambako sisi wanaume hatuingii, nyie ndo mnabanwa na vyumba zaidi, waidi kwenu ni kitu cha kwanza kununua kabla ya potreti.

Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya wa jadi, Makunduchi. Pale wanaume wanapochapana kwa vipande vya migomba hupaswi kuwa katikati, baki pembeni na lenzi inayofika 200. APS-C kwa mita 25 na 200 unapata upana wa kama mita 3, watu wawili wanaopigana wanajaa. Ukiwa na 55 kwa masafa hayo hayo unapata kama mita 10.7, utapata umati na vumbi, ambayo nayo si mbaya kama picha moja ya kuonesha tukio zima.

Popo wa Pemba, kule Kidike. Huyu ni popo mkubwa, mbawa zikifunguka hufika karibu mita 1.6. Wananing'inia juu mitini, tuseme mita 20 kutoka kwako. Na 200 kwenye APS-C upana ni mita 2.35, akiruka anachukua theluthi mbili za picha, vizuri. Na 55 upana ni mita 8.5, popo anakuwa kama sehemu ya tano. Kima punju wa msitu wa Jozani ni mambo mengine, wamezoea watu, 55 mara nyingi inatosha bila kuwakaribia kupita yale masafa wanayotaka walinzi.

Jua na mwezi, hapa nakaa kidogo mana watu wanashangaa zile picha za jua kubwa nyuma ya jahazi. Jua na mwezi vyote viwili vina upana wa kama nusu nyuzi angani, siku zote, hata ule mwezi unaouona mkubwa unapochomoza ni macho tu. Ukubwa wake kwenye picha unategemea milimita peke yake, gawanya milimita kwa 110 utapata milimita ngapi za sensa. Lenzi ya 55, nusu milimita, tone. Lenzi ya 400, milimita 3.6, kwenye sensa yenye kimo cha 15.6 ni karibu robo ya kimo cha picha. Na ili jua lilingane na tanga, tanga lenyewe lazima liwe mbali mara 110 ya kimo chake. Tanga la mita 10 litakuwa mita 1,100 kutoka ulipo, kilomita moja na kitu, ngalawa yenye tanga la mita 5 ni mita 550. Kwahiyo usingoje jahazi lije karibu na ukuta, lile la karibu litalificha jua lote. Jua linatua upande wa mji, kwahiyo Forodhani na Shangani ni sawa, mwezi mpevu unachomoza upande wa pili, nenda Paje au Jambiani magharibi inapoingia. Na tafadhali, jua likiwa bado kali usilitizame kwa jicho kupitia kitundu cha kamera yenye telefoto, utaumia jicho, tumia skrini ya nyuma.

Hatua ya 7: mkono na mfuko

Milimita zikiongezeka mtikisiko wa mkono unakuzwa pia. Kanuni ya zamani, spidi ya shata, yani muda sensa inaopokea mwanga, isishuke chini ya sekunde 1 gawa kwa milimita zilizozidishwa, yani 200 kwenye APS-C ni 300, tumia 1/320 au zaidi. Lenzi ikiwa na kizuia mtikisiko unaweza kushuka, lakini hicho kinazuia mkono wako, hakimzuii popo anayeruka wala wale wanaochapana.

Kabla ya kununua, fungua picha zako za nyuma kwenye kompyuta au simu, kila picha imehifadhi ilipigwa kwa milimita ngapi, utaiona kwenye maelezo yake. Ukikuta nyingi zimepigwa kwenye 18, unabanwa na upana, tafuta waidi. Nyingi ziko kwenye 55, unataka kufika mbali, tafuta 55-200 au 70-300. Zimejazana katikati, pesa yako iweke, huna shida ya lenzi. Na ukinunua ya mkononi huku pwani, fungua lile tundu la mwanga ndani ya lenzi mpaka mwisho, washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie kutoka upande wa pili, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ndani ya vioo hiyo ni kuvu ya unyevu, mrudishie mwenyewe, hata akupunguzie nusu bei usichukue.